Nyimbo Zilizokataliwa

Msomaji, liko neno moja la Kiswahili lililofanywa jina la nyimbo za zamani zipigwazo redioni. Neno hilo ni zilipendwa. Mtu akilisikia hudhani kwamba nyimbo hizo zilipokewa kwa mikono miwili siku zilipotoka, na kwamba hazikupata adui tangu siku ile hata leo. Lakini ukiwauliza watu wazima wenye kumbukumbu njema, utapata habari nyingine. Nyingi katika nyimbo hizo zilipendwa na vijana peke yao. Wazee wa wakati huo waliziita kelele, baadhi ya wazazi waliwakanya watoto wao wasiende zinakopigwa, na makanisani zilihesabiwa kuwa nyimbo za dunia. Leo wajukuu wa wazee wale husikiliza nyimbo zile zile na kusema kwamba muziki wa siku hizi si kitu mbele yake.

Basi jambo gani lililobadilika? Wimbo ni ule ule. Maneno yake hayakuongezwa, wala sauti yake haikutiwa sukari. Kilichobadilika ni sikio. Insha hii yataka kukueleza jinsi sikio la watu linavyobadilika, na kwa nini badiliko hilo linakuhusu wewe uliye kijana kuliko linavyomhusu mzee.

Na tuanzie Njukini. Mahali hapo ni kaskazini ya mji wa Taveta, kupita Ziwa Chala, katika njia iendayo Loitokitok. Mlima Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi, na mpaka wa Tanzania u karibu. Sikuchagua Njukini kwa kuwa ina chuo cha muziki, bali kwa kuwa ni njia panda ya masikio. Wataveta, Wataita, Wakamba na wengine hukutana huko kwa kilimo na biashara. Ng'ambo ya mpaka wako Wachaga wa Rombo, na kaskazini wako Wamasai. Redio za nchi mbili husikika. Jumapili moja tu yaweza kumpa msikilizaji tenzi za kanisani zilizotungwa Ulaya, kwaya yenye gitaa na kinanda, taarabu kutoka pwani, na muziki wa dansi wenye asili ya Kongo. Nyimbo hizo zote leo hukaa pamoja kama majirani. Lakini karibu kila mmoja wa majirani hao alipofika mara ya kwanza alifungiwa mlango.

Tutazame kwanza habari ya nchi ya Taita, kwani ndiyo iliyo karibu. Katika mwaka wa 1883 mmisionari J. A. Wray, wa chama cha Kanisa la Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society, alifika Sagalla, mlima ulio karibu na Voi. Mapadre Wakatoliki walianza kazi yao Bura mwaka wa 1892, na katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Waingereza wa chama kile walifungua kituo Taveta, mahali palipoitwa Mahoo. Watu hao walileta vitabu, dawa na shule. Pamoja na hivyo walileta nyimbo zao, na wakazikuta nyimbo za wenyeji.

Miongoni mwa ngoma za Wataita iko moja iitwayo mwazindika. Ngoma hiyo asili yake imefungamana na habari za pepo. Mtu aliyeaminiwa kuwa ameshikwa na pepo aliletewa wapigaji, akapigiwa, akaimbiwa na kuchezewa mpaka apate nafuu. Mwanachuoni Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha katika mwaka wa 1957 maelezo ya saka, hali iliyokuwa ikiwashika wanawake wa nchi hiyo, akaeleza pia ngoma za hadhara zilizochezwa kwa ajili yao. Kwa hiyo mlio wa ngoma, kwa sikio la mwenyeji, haukuwa mchezo tu. Ulikuwa tiba, na ulikuwa habari: aliyeusikia kutoka mbali alijua kwamba jirani yake ana shida, na kwamba watu wamekwenda kumsaidia.

Sikio la mmisionari lilisikia kitu kingine. Ngoma kwake ilikuwa mlango wa pepo, wa pombe na wa mikesha ya usiku. Hatuna haja ya kumtukana kwa hayo. Alikuwa mgeni, na mgeni huhukumu kwa mizani aliyotoka nayo kwao. Lakini matokeo ya hukumu yake yalikuwa makubwa. Mkristo mpya aliagizwa aiache ngoma kabisa, na kuiacha kukawa alama ya kuongoka. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya waamini alikua akijua kwamba mlio ule ukisikika, yeye hubaki ndani. Hivyo katika kijiji kimoja yakatokea masikio mawili: moja lililosikia tiba, na jingine lililosikia dhambi, na ngoma ni ile ile moja.

Sasa uigeuze habari hii uitazame upande wa pili, kwani wengi huisimulia nusu tu. Nyimbo za wamisionari nazo hazikuwa tamu kwa wenyeji siku za kwanza. Lugha ya Kidawida, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hupandisha na kushusha sauti, na kupanda au kushuka huko kwaweza kubadili maana ya neno. Wimbo wa mwenyeji hufuata mwendo huo wa lugha. Utenzi wa Ulaya ulikuja na sauti yake tayari, nayo haikujua lolote la Kidawida wala la Kiswahili. Maneno yalitafsiriwa, yakalazimishwa kuingia katika sauti hiyo kama mguu mkubwa katika kiatu kidogo. Chukua neno dogo kama moyo. Kila asemaye Kiswahili hutia mkazo kwenye mo. Katika tenzi huenda mkazo ukaangukia yo, na mwimbaji akatamka neno ambalo hangelitamka hivyo sokoni hata siku moja. Zaidi ya hayo watu walifundishwa kuimba kwa sauti nne zilizopangwa, kwa njia ya do, re, mi iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Walitakiwa pia wasimame wima wala wasicheze. Kwa watu ambao wimbo kwao ulikuwa kitu cha mwili mzima, kuimba umesimama kama nguzo lilikuwa jambo geni sana.

Hata hivyo tazama yaliyotokea. Shule zilifundisha tenzi hizo kila siku. Watoto waliozifunza wakawa wazazi, wakaziimba harusini na makaburini. Kila msiba ulioimbiwa tenzi uliuongezea utenzi ule uzito, maana aliyeusikia alikumbuka mama aliyezikwa nao. Leo bibi kizee wa Taita huimba beti zote bila kitabu. Naye akiona vijana wanaleta magitaa na ngoma za umeme kanisani, huenda akanung'unika kwamba hizo si nyimbo za kanisa, na kwamba afadhali wazirudie zile za asili. Za asili, asema! Kile kilichokuwa kigeni kwa babu yake kimekuwa mali ya mababu kwake yeye, na hakuna aliyemdanganya. Kwake ndivyo kilivyo.

Hapo twaona sababu ya kwanza ya mabadiliko ya sikio, nayo ni mazoea. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini katika mambo ya muziki mara nyingi huwa kinyume: kipya huuma, na cha kale hubembeleza. Mwanasaikolojia Robert Zajonc, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alichapisha mwaka wa 1968 majaribio juu ya jambo hili. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na herufi za Kichina wasizozijua, nyingine mara chache na nyingine mara nyingi. Kisha aliwauliza wazionaje. Walizipendelea zile walizoziona mara nyingi, ingawa hawakujua maana yake hata moja. Moyo wa binadamu hukipenda kile ulichokwisha kukutana nacho bila kupata madhara.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la Afrika tu. Tarehe 29 Mei, 1913, mjini Paris, ilichezwa kwa mara ya kwanza dansi ya jukwaani ambayo muziki wake ulitungwa na Mrusi Igor Stravinsky juu ya sherehe za kale za majira ya kuchipua. Watazamaji walikuwa watu wa mji uliojisifu kwa ustaarabu. Baadhi yao walizomea, walicheka na kupiga kelele hata wachezaji wakashindwa kuusikia muziki vizuri. Haukupita mwaka. Mwezi wa Aprili, 1914, muziki ule ule ulipigwa Paris bila ya dansi, na safari hii watu walimbeba mtungaji mabegani kwa furaha. Leo muziki huo hufundishwa vyuoni kuwa moja ya kazi kubwa za karne ya 20.

Lakini mazoea peke yake hayatoshi kutueleza yote. Kama yangetosha, kila kelele ya jirani ingegeuka kuwa tamu baada ya miezi sita. Iko sababu ya pili, nayo ina nguvu zaidi. Mara nyingi watu hawauchukii wimbo. Humchukia mwenye wimbo, au humdharau, na dharau hiyo huumwagikia wimbo wake. Siku mwenye wimbo apatapo heshima, wimbo nao hupata utamu. Mfano ulio bora wa jambo hili uko Unguja.

Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, ili watu wa jumba la kifalme wapate burudani kama ya Kairo. Taarabu ikaanza kwa namna hiyo kuwa muziki wa wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kiliuendeleza muziki huo mjini. Kiswahili, lugha ya sokoni na jikoni, hakikudhaniwa kuwa chafaa kwa kazi hiyo; na mwanamke wa daraja ya chini hakudhaniwa kuwa aweza kuketi mbele ya udi na fidla.

Ndipo akatokea Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, shamba, yapata mwaka wa 1880, katika jamaa ya watu maskini wenye asili ya utumwa. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavichukua mjini kuviuza, na sauti yake ndiyo iliyovitangaza. Alipohamia mjini na kuanza kuimba, wako waliomcheka, wakamtungia nyimbo za kumkumbusha ushamba wake na vyungu vyake. Yeye naye alijibu kwa nyimbo, akiwaambia kwamba mtu si sura wala nasaba, bali ni akili. Katika mwaka wa 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenziwe, wakarekodi nyimbo katika sahani za santuri. Sahani hizo zilinunuliwa Unguja, Mombasa na sehemu nyingine za pwani na bara, na watu waliona ajabu kuisikia lugha yao wenyewe ikitoka katika sanduku lililokuwa likisema Kiarabu, Kihindi na Kiingereza. Wakubwa waliomcheka sasa wakamwalika majumbani kwao. Alipofariki mwezi wa Julai, 1950, alikwisha kuwa fahari ya nchi, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Leo mtu akisema taarabu humaanisha muziki wa Kiswahili; si wengi wakumbukao kwamba kuiimba kwa Kiswahili kuliwahi kuwa kichekesho.

Tazama kilichobadilika hapo. Sauti ya Siti haikuwa mbaya mwaka wa 1915 ikawa nzuri mwaka wa 1930. Watu walikuwa wakisikia vyungu kwa masikio yao. Vyungu vilipoondoka ndipo walipoisikia sauti.

Sasa turudi nchi kavu, kwa gitaa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili magitaa yalienea upesi katika Afrika ya Mashariki. Baadhi ya wapigaji walikuwa askari waliorudi, kama Fundi Konde, mzaliwa wa Waa katika nchi ya Kwale, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles. Wengine waliyasikia mapigo ya Kongo, kama yale ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952, na ambaye vidole vyake viwili tu viliweza kuyafanya magitaa kusikika kama mawili. Vijana walifurahi mno. Wazazi wengi hawakufurahi. Mpiga gitaa katika macho yao alikuwa mvivu, mlevi, mtu asiyekaa mahali pamoja, naye hakuwa mkwe wa kutamaniwa.

Katika vijana hao alikuwamo mmoja kutoka nchi ya Taita na Taveta, Fadhili William, aliyezaliwa mwaka wa 1938. Jina lake jingine, Mdawida, lamtambulisha kabila lake. Yeye ndiye aliyeurekodi wimbo wa Malaika, kwanza na kundi lake la Jambo Boys, kisha tena mwaka wa 1963 na kundi la Black Shadows. Ubishi uko juu ya nani aliyeutunga kwanza, na Adam Salim ni mmoja wa wanaotajwa. Lakini kwamba ni Fadhili aliyeueneza kwa sauti yake, hilo lakubaliwa. Habari ya wimbo wenyewe ni ya kijana ampendaye msichana naye hana mali ya kumwolea. Fikiri jinsi habari hiyo ilivyoweza kusikika katika masikio ya mzazi mwenye binti! Kijana maskini, tena mwenye gitaa, alalamikia mahari hadharani.

Lakini wimbo ulikwenda mbali. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliuimba, na mwaka wa 1965 ulitoka Marekani katika sahani aliyoifanya pamoja na Harry Belafonte. Watu wa mataifa wasiojua neno jingine la Kiswahili wakalijua hilo moja. Uliporudi nyumbani ulirudi kama mtoto aliyesoma, na wote wakadai undugu naye. Siku hizi Malaika huimbwa na kwaya za shule, huimbwa harusini, tena mbele ya wazazi wale wale waliopokea mahari asubuhi, nao hutabasamu. Fadhili William alifariki mwaka wa 2001. Wimbo aliouimba kijana maskini umekuwa wimbo wa heshima.

Na ile mwazindika tuliyoiacha mlimani, ikawaje? Ngoma nayo ilirudi, ila kwa njia ndefu. Mwaka wa 1958 padre mmoja Mbelgiji huko Kamina katika Kongo, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya vijana, walitoa misa iitwayo Missa Luba, ambayo maneno yake ni ya Kilatini lakini nyimbo na ngoma zake ni za Kikongo. Mwezi wa Desemba, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba muziki wa asili wa mataifa wapaswa kuheshimiwa na kupewa nafasi katika ibada. Ngoma ikaingia kwa mlango wa mbele katika nyumba iliyokuwa imeifukuza. Zaidi ya hayo, katika mwaka wa 1990 Missa Luba ilitolewa upya na Muungano National Choir ya Nairobi, ikiongozwa na Boniface Mganga, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Voi. Mtu wa nchi ambayo mkristo alifundishwa kuikimbia ngoma ndiye aliyeisimamia misa yenye ngoma, ikasikilizwa ulimwenguni.

Shule nazo zilibadilika. Tamasha ya muziki ya Kenya ilianzishwa mwaka wa 1927, nayo siku zile ilifuata mizani ya Ulaya. Baada ya miaka mingi nyimbo na ngoma za makabila zilipewa nafasi humo. Mwaka wa 1982 serikali iliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, na taarifa yake ya mwaka wa 1984 ilihimiza muziki wa wenyeji utunzwe na ufundishwe. Leo wanafunzi wa Taita na Taveta huweza kucheza mwazindika mbele ya waamuzi, wakashangiliwa na walimu ambao babu zao wangalifukuzwa ushirika kwa kucheza hivyo.

Huenda, msomaji, umefikia sasa kusema kwamba wimbo wowote utapendwa mwishoni, mradi watu wazoezwe au waamriwe. La, usifike huko. Amri haina nguvu juu ya sikio. Mwishoni mwa mwaka wa 1969 wakuu mjini Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa Kimarekani uitwao soul kwa kuwa unaharibu vijana. Vijana hawakuacha kuupenda. Mwaka wa 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba sehemu kubwa ya muziki upigwao redioni, kiasi cha robo tatu, uwe wa Kenya. Nia ilikuwa njema, lakini wasikilizaji walilalamika, na agizo halikudumu. Aliyekatazwa na aliyelazimishwa wote wawili hufunga masikio.

Wala si kila wimbo uliokataliwa ulionewa. Ziko nyimbo zilizokataliwa kwa sababu zilitukana, au zilichochea watu wapigane, au zilikuwa hazina kitu ndani. Nyingi zilisahauliwa, na usahaulifu ule ulikuwa haki. Kwa hiyo mwenye busara hasemi kwamba kila kisichopendwa kitapendwa. Husema tu hivi: kabla sijauhukumu wimbo, na nijiulize nahukumu nini. Je, ni wimbo wenyewe, au ni mgeni aliyeuleta? Je, nimeusikia, au nimemsikia aliyeniambia kwamba ni mbaya?

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Sikio hubadilika, lakini huchukua muda wa vizazi viwili au vitatu, na katika muda huo wimbo wapaswa kupata mahali pa kungoja. Malaika ulingoja katika sahani. Sauti ya Siti ilingoja katika santuri za Bombay. Tenzi za Ulaya zilikuwa na vitabu. Mwazindika haikuwa na kitabu wala sahani. Ilingoja katika vifua na mikono ya watu, na watu hufa. Kila kizazi kilichobaki ndani ya nyumba mlio uliposikika kilipunguza idadi ya wanaojua.

Ndiyo maana ngoma iliyorudi si nzima. Ile ya jukwaani huchukua dakika chache, kwa kuwa waamuzi wana saa. Haina mgonjwa, na kwa hiyo haina haja ya kumpata nafuu. Hupigwa mchana, mbele ya watu walioketi vitini. Simlaumu mwalimu aliyeifundisha, kwani bila yeye hata hizo dakika chache zisingekuwapo. Lakini yako mapigo yaliyojulikana na mzee mmoja tu, na maneno ya nyimbo yenye Kidawida cha zamani ambacho kijana hakielewi. Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, hakuna tamasha iwezayo kuyarudisha. Siku wajukuu watakapoyataka, watakuta sikio liko tayari na wimbo haupo.

Basi, kijana wa Njukini, wa Wundanyi, wa Voi au wa po pote usomapo ukurasa huu, huna haja ya kujilazimisha kuupenda wimbo wa bibi yako. Mapenzi hayalazimishwi, nawe umekwisha kuyaona hayo. Nakuomba jambo jepesi kuliko hilo. Muulize jina lake. Muulize uliimbwa wakati gani, na nani, na kwa sababu gani, na nani aliyeukataza. Andika maneno yake katika daftari kama ayasemavyo, hata yale usiyoyaelewa. Ikiwa una simu iwezayo kunasa sauti, inase, kisha uweke nakala mahali salama, na jina la mwimbaji na tarehe. Kazi hiyo huchukua alasiri moja. Huenda sauti hiyo ikakuchosha leo. Itunze hivyo hivyo, kwa kuwa hukuitunza kwa ajili ya sikio lako la leo, bali kwa sikio utakalokuwa nalo ukiwa na nywele nyeupe, na kwa masikio ya watu ambao hawajazaliwa.